Kompyuta Mpya ya Idara ya Msamaha

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Ni kwamba kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu siku ile ilipofunguliwa. Ni nchi nzuri, yenye mito, milima na mawaziri wengi, na watu wake wana raha kiasi kwamba asiye na raha hupelekwa gerezani akafundishwe.

Katika nchi hiyo aliishi karani mmoja, Bi. Mwajabu Kitogo, mjane wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi mweusi baada ya mkono mmoja wa miwani hiyo kukatika. Alifanya kazi katika Idara ya Msamaha, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za kuwatoa watu gerezani.

Kila mwaka, Siku ya Ukunjufu, Mtukufu Kiongozi aliwasamehe wafungwa. Mwaka huo aliwasamehe mia mbili na kumi na wanne. Redio ikatangaza, na nyumba mia mbili na kumi na nne zikapiga vigelegele. Lakini sheria ya nchi ile ilisema kwamba msamaha wa mdomo ni upepo tu. Msamaha wa kweli ni barua, barua moja kwa kila mfungwa, na ni lazima ifike gerezani kabla ya saa tisa na nusu alasiri, Ijumaa inayofuata. Isipofika, msamaha unachacha kama uji uliolala, na mfungwa anangoja mwaka mwingine.

Nayo barua yenyewe haikuwa ya kuandika na kuondoka. Mtukufu Kiongozi alikuwa na vyeo arobaini na kimoja, na vyote vilitakiwa kuandikwa, kwa mpangilio wake, kila jina lake lilipotajwa. Katika barua moja jina lilitajwa mara tano. Mlezi wa Mito, Mjomba wa Wakulima, Mshindi wa Vita Vilivyoahirishwa, Bingwa wa Bao Asiyefungwa, na kuendelea hivyo mpaka msomaji aishiwe pumzi. Karani aliyemtangulia Mwajabu aliwahi kumsahau Mjomba wa Wakulima, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akawa kwenye orodha ya wanaongojea barua.

Ndiyo maana Bi. Mwajabu alijifunza makro. Alijifundisha kwa kitabu kisicho na jalada, alichokiokoa kwa muuza karanga aliyekuwa akikichana kurasa za kufungia karanga. Sura mbili za mwanzo zilikuwa zimeshaondoka na wateja. Makro ni amri ndogo unayoifundisha kompyuta mara moja, nayo ikaishika. Baada ya hapo unabonyeza kitufe kimoja tu, na kazi ya vitufe elfu inafanyika yenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja alizitengeneza moja moja: ya kuandika vyeo, ya kuingiza jina la mfungwa, ya kutaja kosa lake, na ile aliyojivunia kuliko zote, ya kupima kurasa ili cheo cha Kiongozi kisije kikakatwa katikati, nusu ukurasa huu na nusu ule, maana kumkata Kiongozi ni jinai. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ina kisogo kama mtungi, inanguruma kama kinu cha kusaga. Lakini barua nzima, kurasa tatu, iliitoa kwa sekunde nne.

*

Jumatatu asubuhi kompyuta mpya iliwasili. Ililetwa kwa msafara wa magari sita, moja likiwa limebeba kompyuta na matano yakiwa yamebeba wenyeviti wa kamati ya kompyuta. Bendi ilipigwa. Mkurugenzi wa Idara, Daktari Sifuni Makwaya, alikata utepe, akahutubia kwa saa mbili na robo juu ya thamani ya muda.

"Kuanzia leo," alisema huku akijifuta jasho, "msamaha wa nchi hii utatoka kwa kasi ya radi! Yule mfungwa atakuwa bado anapiga chafya ya jela, na huku tayari yuko nyumbani kwake!"

Watu wakapiga makofi. Kisha kompyuta kuukuu ikawekwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, na Mkurugenzi akaipiga nyundo ya kwanza mbele ya wapiga picha. Nyundo zilizofuata zilipigwa na wenyeviti, kwa mpangilio wa vyeo. Bi. Mwajabu alisimama nyuma kabisa akiziba masikio.

Jambo moja lilimtuliza moyo. Kabla ya nyundo, Mhandisi Pendaeli wa Wizara ya Wepesi alikuwa amehamisha kila kitu kutoka kompyuta ya zamani hadi mpya.

"Kila kitu, mama," alimhakikishia. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye koti kubwa kuliko yeye. "Nimehama kama mtu anavyohama nyumba. Vitanda, vyombo, hata panya nimebeba."

Saa saba mchana Bi. Mwajabu akaketi, akaandika jina la mfungwa wa kwanza, akabonyeza kitufe.

Skrini ikatulia. Akangoja. Kikatokea cheo kimoja, Mlezi wa Mito. Akangoja tena. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamkuta Mjomba wa Wakulima ndio kwanza anaingia. Barua ya kwanza ilimchukua dakika thelathini na nane.

Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alichukua penseli, akahesabu pembeni ya gazeti. Kwa mwendo ule angetoa barua kumi na mbili kwa siku, akijinyima chakula na choo. Mpaka Ijumaa angefikisha barua arobaini na kitu. Na kuandika kwa mkono, herufi kwa herufi, barua moja ingekula saa moja na nusu. Akazihesabu upya, na hesabu ikagoma kubadilika. Watu zaidi ya mia na sitini wangebaki ndani.

*

Jumanne asubuhi, kabla hajafungua dirisha lake la huduma, alimkuta mwanamke amekwisha kusimama nje, na kikapu mkononi. Aliitwa Sikudhani. Mumewe, Kibwana Ngoka, alikuwa fundi redio. Miezi minane iliyopita, redio aliyokuwa akiitengeneza ilizimika wakati Mtukufu Kiongozi akiwa katikati ya sentensi. Mahakama ilimkuta na hatia ya kukatiza hotuba kwa kutumia bisibisi.

"Dada, nimesikia kwenye redio ametajwa," alisema Sikudhani. "Nimekuja kufuata barua."

"Bado, dada yangu. Mashine mpya inasumbua."

"Mpya inasumbuaje?"

Bi. Mwajabu alimwangalia yule mama, akayaona macho yake mekundu, akasema, "Rudi kesho."

Kisha akapanda ghorofa ya nne kwa Mkurugenzi. Daktari Sifuni alimsikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza kinanda.

"Bi. Mwajabu," alisema hatimaye, "kompyuta hii ni mpya. Kilicho kipya hakiwi na uzito. Basi kama kuna kizito ndani ya chumba kile, tuulizane ni nani."

"Mheshimiwa Mkurugenzi, nikiandika kwa mkono inakwenda vizuri kabisa. Ni makro zangu tu ndizo zinazokwama. Kuna kitu zinakingoja, sijui ni nini."

"Zinangoja! Umeona? Zina adabu!" Akafumbua macho, akavutiwa na wazo lake mwenyewe, akamwita katibu wake aliandike.

Kufikia saa nane mchana, waraka ulikuwa umebandikwa kwenye kuta zote za jengo. Ulisema kwamba neno "polepole" limefutwa katika matumizi ya idara. Mwendo wa kompyuta mpya utaitwa "kasi ya staha", kwa kuwa vyeo vya Mtukufu Kiongozi havistahili kutupwatupwa ukurasani kama mtama wa kuku. Chini yake Mkurugenzi aliongeza kwamba atakayeonekana akifanya kazi kwa kasi isiyo na staha atafikishwa mbele ya Kamati ya Mwendo.

Hata hivyo, kwa huruma yake, alimtuma Mhandisi Pendaeli. Pendaeli aliizima kompyuta, akaiwasha. Akaifuta vumbi ambalo haikuwa nalo. Akaleta feni, akaielekeza kwenye skrini, na karatasi za Bi. Mwajabu zikaruka mpaka korido. Barua iliyofuata ilichukua dakika thelathini na tisa.

"Labda imeona haya kutazamwa," alisema Pendaeli, akaenda zake bila kumwangalia usoni.

*

Jumatano Bi. Mwajabu aliamua kuutafuta ugonjwa mwenyewe. Aliifanya kazi hiyo kama mama anayemtafuta mtoto mwenye chawa katika nyumba ya watoto kumi: mmoja mmoja. Alizivunja makro zake vipandevipande. Akaendesha kipande cha kuingiza jina la mfungwa, kikapita upesi. Kipande cha kosa, nacho kikapita. Cha vyeo, bila kupima kurasa, kikapita kama umeme, vyeo vyote arobaini na kimoja mara moja, hata akashtuka kwenye kiti. Akarudisha kile cha kupima kurasa. Kompyuta ikasimama kimya.

Basi ni hapo. Kila cheo kilipoingia, makro ilipima ukurasa. Lakini mbona kupima kulikuwa rahisi zamani? Akasogeza uso karibu na skrini, miwani ikigusa kioo, akaona chini kabisa, kwenye kona ambayo hakuna mtu huitazama, maandishi madogo yakitokea na kupotea: *Inawasiliana na Printa Kuu ya Wizara*.

Akaelewa. Kompyuta haiwezi kuupima ukurasa bila kuiuliza printa karatasi yake ina upana gani na ukingo wake unaishia wapi. Ile ya zamani iliwahi kuuliza, ikapata jibu, ikalihifadhi kichwani. Hii mpya ilikuwa inapiga hodi upya kwa kila cheo, inangoja, haiitikiwi, inakata tamaa, inaendelea na cheo kinachofuata, inapiga hodi tena. Mara mia mbili na tano kwa kila barua.

Pembeni ya meza yake palikuwa na printa ndogo, nzima, aliyoitumia kila siku kuchapishia. Kilichotakiwa ni kuiambia kompyuta: achana na ile, muulize huyu jirani yako. Mbofyo mmoja tu. Akausogeza mshale mpaka mahali penyewe. Kidole kikasita.

Kwa sababu juu ya kibodi palikuwa na kibandiko chekundu cha Wizara ya Wepesi, nacho kilisema kwamba kubadili mpangilio wowote wa mashine hii bila idhini ni Uhaini Mdogo. Uhaini Mkubwa ulikuwa kifo. Uhaini Mdogo ulikuwa chochote ambacho wizara ingependa siku hiyo.

Alimkuta Pendaeli kantini, akinywa chai ya rangi peke yake.

"Mhandisi, Printa Kuu ya Wizara iko wapi?"

Pendaeli akaweka kikombe chini taratibu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama hata juu.

"Mama Kitogo, swali hilo umemwuliza nani mwingine?"

"Wewe ni wa kwanza."

"Basi niwe wa mwisho." Akainamisha kichwa. "Kwenye daftari ipo. Kila mwezi inakaguliwa, inatiwa saini. Mheshimiwa Waziri alisimama bungeni akasema printa ile inafanya kazi usiku na mchana. Na hakusema uongo. Inafanya kazi usiku na mchana dukani kwa shemeji yake, inachapa kadi za harusi."

"Kwa hiyo kompyuta yangu inamngoja nani?"

"Inangoja printa iliyopo lakini haipo." Sauti yake ikazidi kushuka. "Nililijua tangu jana, mama. Nilipoleta feni nilikuwa nalijua. Kubadilisha ni mbofyo mmoja, lakini mashine inaandika kila kinachobadilishwa, na nani, na saa ngapi, inapeleka wizarani. Atakayeiondoa ile printa amesema haipo. Akisema haipo, Waziri amedanganya bunge. Mimi nina watoto wanne."

"Na gerezani kuna watu mia na tisini wanaongoja."

Pendaeli aliongeza chai katika kikombe chake mwenyewe, akakisukuma kwake, kama mtu anayelipa faini.

Bi. Mwajabu hakuinywa. Alirudi ofisini, akajaza fomu ya kuomba idhini, akaipeleka ghorofa ya nne. Akarudi kwenye kiti chake, akaendelea kubonyeza na kungoja. Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Saa hiyo aliikumbuka maisha yake yote.

*

Alhamisi magazeti yalitoka na picha ya Mkurugenzi akiwa amekumbatia kompyuta. Kichwa cha habari kilisema: WOTE 214 WAACHILIWA KWA KASI YA STAHA. Bi. Mwajabu alilisoma gazeti hilo akiwa na barua ishirini na tisa mezani.

Sikudhani alifika dirishani. Kikapu chake safari hii kilikuwa kizito, kimejaa.

"Dada, wamekataa kumpa uji."

"Nani?"

"Mume wangu. Wote waliotajwa kwenye redio. Tangu jana asubuhi. Askari ananiambia, mama, serikali ilitangaza redioni jana asubuhi kwamba watu hawa wameshaachiliwa, na mtu aliyeachiliwa hana posho gerezani. Nikamwambia, si huyo hapo namwona? Akaniambia, unamwona wewe, daftari halimwoni." Akapandisha kikapu dirishani. "Nikapeleka chakula mwenyewe. Wakasema haruhusiwi kupokea, maana kutembelewa ni haki ya mfungwa. Nacho kimerudi hivi kilivyo. Kibwana ana kidonda cha tumbo, dada. Hawezi kukaa na njaa."

Bi. Mwajabu alipanda ngazi kwenda ghorofa ya nne. Katibu alimwambia fomu yake imepokelewa, imesifiwa kwa mwandiko, na imepelekwa kamati ndogo. Kamati ndogo hukutana robo ya mwaka.

Akashuka, akabonyeza kitufe. Mlezi wa Mito. Akangoja. Alijaribu kutofikiria uji, akashindwa. Kila cheo kilichokuwa kikiingia kwenye skrini alikiona kama mtu aliyeshiba akipita mlangoni bila haraka.

*

Ijumaa asubuhi alimvizia Mkurugenzi kwenye ngazi.

"Mheshimiwa, nina barua arobaini. Saa tisa na nusu leo zinachacha zilizobaki. Na watu hawali."

"Hawali?" Daktari Sifuni alisimama, mkono kifuani. "Bi. Mwajabu, watu walioachiliwa wanakula makwao. Nimesoma gazetini."

"Wako ndani, Mheshimiwa."

"Basi hao ni wakaidi. Wamesamehewa, wameachiliwa, na bado wanang'ang'ania gereza!" Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, maana alikuwa mtu anayeamini alichoandika. "Endelea kwa staha. Utakapofikia ndipo Mungu alipopanga ufikie."

Alipotoweka, Bi. Mwajabu alibaki ameegemea reli ya ngazi. Alimfikiria marehemu mumewe, aliyekuwa akimwambia kwamba yeye ni mwoga mpaka kivuli chake kinatembea nyuma yake hata jua likiwa mgongoni. Ilikuwa kweli. Hakuwahi kugombana na mtu. Hata kompyuta ilipovunjwa aliziba masikio tu.

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Akausogeza mshale hadi mahali pale pale alipoufikisha Jumatano, akachagua printa ndogo ya pembeni, akabofya.

Hakuna kilicholia. Hakuna askari aliyevunja mlango. Akaandika jina, akabonyeza kitufe, na barua nzima ikasimama mbele yake, kurasa tatu, na Kiongozi hakukatwa popote. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini.

Alilia kidogo, bila kuacha kuandika. Kufikia saa tano na robo, barua mia moja sabini na nne zilikuwa mezani, zina joto bado kama mikate. Printa ndogo ilinuka kuungua.

Ilibaki sahihi ya Mkurugenzi, naye alikuwa amekwenda kula. Alirudi saa nane na nusu, ameshiba, ana furaha. Sahihi yake ilikuwa muhuri wa mpira, na alipenda sauti yake. Aligonga barua zote bila kusoma hata moja, akiimba kwa pua, na mwisho akamwambia, "Unaona sasa? Staha!"

Gari la idara lilikuwa limempeleka mwenyekiti wa kamati kunyolewa. Bi. Mwajabu akaziweka barua zote kwenye kasha, akatoka nje, akamkuta Sikudhani amekaa ukutani.

"Shika upande huo," akamwambia. "Twende."

Walibeba kasha wakipokezana, wakakata katikati ya soko la nguo, viatu vya Bi. Mwajabu vikimchubua, Sikudhani akisafisha njia kwa sauti: "Tupisheni! Tupisheni, jamani, tumebeba watu!" Na wenye akili wakapisha.

Walifika kwenye lango la Gereza Kuu la Utulivu saa tisa na dakika ishirini na mbili.

*

Mkuu wa gereza, mzee mwenye sharubu nyeupe, alilitazama kasha, akatazama saa, akashika kichwa.

"Mama, sheria inasema kila barua isomwe kwa sauti, vyeo vyote, watu wakiwa wamesimama. Moja inachukua dakika saba. Zimebaki dakika nane."

Sikudhani akakaa chini palepale.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya sahani za bati zikigongwa ukutani, si kwa nguvu, ila bila kukoma. Mkuu wa gereza aliisikiliza. Alikuwa ameisikiliza siku tatu.

"Sheria inasema zifike kabla ya saa tisa na nusu," alisema polepole, kwa neno lile lililofutwa. "Sijaona mahali inaposema zisomwe kabla ya saa tisa na nusu." Akachukua muhuri wa mapokezi. "Zimefika."

Kisha akafungua ile ya kwanza, akasimama wima, akaanza kusoma.

Walisoma Ijumaa jioni, wakasoma usiku kucha, na Jumamosi mpaka alasiri, askari wakipokezana, sauti zikikauka. Mtu mmoja mmoja alitoka langoni kila baada ya dakika saba. Kibwana Ngoka alitoka Ijumaa jioni, amekunja tumbo kwa mikono miwili, na mkewe akampokea, akampa uji wa chupa, akimwambia tu, "Taratibu. Taratibu." Bi. Mwajabu aligeuka pembeni asiwaone. Sikudhani aliporudi kumshukuru, alimshika mikono yote miwili na hakuiachia kwa muda mrefu.

Bi. Mwajabu angeweza kwenda nyumbani sasa. Hakwenda. Jumamosi alikuwa bado amesimama langoni, hakujua kwa nini.

Barua ya mwisho ilikuwa ya Zahoro Mpeta, fundi rangi, aliyefungwa kwa kukosea rangi ya sharubu katika picha ya Kiongozi. Askari aliisoma yote. Vyeo vyote, mara tano. Wote wakasimama. Alipomaliza, hakuna aliyetoka.

"Alifariki jana asubuhi," mkuu wa gereza alimwambia Bi. Mwajabu. "Saa mbili. Alikuwa na kisukari, hakula siku mbili. Lakini barua sharti isomwe."

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Alipiga hesabu palepale, bila penseli. Saa mbili kasoro kidogo kabla ya mbofyo. Siku nzima na zaidi baada ya Jumatano saa tisa alasiri.

*

Kamati ya Mwendo ilimwita Jumanne iliyofuata. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja, nyuma ya meza ndefu, na Mkurugenzi katikati. Wizarani walikuwa wamegundua kilichobadilishwa, na nani, na saa ngapi. Na jambo hilo liliwatesa, kwa kuwa hawakuweza kulitaja. Kumshtaki kwa kuiondoa printa kulikuwa kukiri kwamba kulikuwa na sababu ya kuiondoa. Kwa hiyo walimshtaki kwa kasi isiyo na staha.

"Barua mia moja sabini na nne kwa saa moja na nusu," alisoma Mkurugenzi kwa hasira. "Ulifanyaje?"

"Nilibadilisha—"

"Usitaje ulichobadilisha!" walipaza sauti wajumbe kumi na mmoja kwa pamoja.

"Basi siwezi kueleza."

"Andika," Mkurugenzi alimwambia karani wa kamati, "mshtakiwa ameshindwa kujieleza." Kisha akalegeza sauti, maana alijiona mtu wa huruma. "Bi. Mwajabu, umetumikia miaka mingi. Kamati hii si katili. Ukionyesha kujuta, tutalizingatia. Je, unajuta?"

"Ninajuta."

Wajumbe wakapumua.

"Ninajuta kuomba ruhusa," alisema Bi. Mwajabu. Sauti yake haikupanda. "Dawa niliijua Jumatano. Nikangoja hadi Ijumaa, mniruhusu. Zahoro Mpeta alikufa katikati."

Mjumbe mmoja akafunua karatasi zake kutafuta Zahoro Mpeta ni nani, akakuta ameandikwa kwamba ameachiliwa, akatulia.

"Andika," alisema Mkurugenzi, "mshtakiwa amejuta."

Wakamstaafisha kwa heshima zote, kuanzia juma lililopita. Kompyuta ikarudishwa kwenye Printa Kuu ya Wizara siku hiyohiyo, na karani mpya akaajiriwa, kijana mtulivu, mwenye kitabu cha kusoma wakati wa kungoja.

Bi. Mwajabu hakurudi kuaga. Alimpitia Sikudhani, akaulizia, wakaulizana na majirani, mpaka akaambiwa kwamba marehemu Zahoro alikuwa akiishi kwa dada yake, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Alikwenda kwa miguu. Aliikuta nyumba yenye madirisha yaliyopakwa rangi ya samawati kwa ustadi mkubwa, na mwanamke mzima amekaa kibarazani anachambua mchele kwenye ungo, matanga yameshaisha.

"Hodi."

"Karibu." Yule dada akamtazama, hakumtambua. "Wewe ni wa wapi, mama? Ulifanya kazi na kaka?"

Njia nzima Bi. Mwajabu alikuwa ametunga maneno. Yalikuwa mazuri, yana pole na yana Mungu. Yote yakamwacha.

"Mimi ndiye niliyekuwa naandika barua yake," alisema. "Ndiye niliyechelewa."

Mikono ya yule dada ikasimama juu ya ungo. Akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia miwani ile yenye uzi hadi viatu vilivyochanika. Bi. Mwajabu hakuangalia chini. Alikuwa amekuja kutazamwa.

Kisha yule dada akasogea upande mmoja wa mkeka, si sana, nafasi ya mtu mmoja tu, akauweka ungo katikati.

"Kaa," akasema. "Nieleze yote. Na usiruke kitu."